Mpaka Kijitoni Tu

Vijana wanaosomea utafiti wana jina refu la kazi niliyoifanya mwaka ule. Ukilitamka kabla ya kula unaweza kuzimia katikati. Mara moja moja hunialika ukumbini hapa Arua, wakanipa kiti cha plastiki na chupa ya maji, kisha wakaniuliza: Mama, mlikusanyaje maelezo ya watu kwa kutembea nao, na huku nchi inawaka moto? Nami huwajibu yale wanayotaka kusikia: viatu vizuri, subira, masikio. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nilikosea wapi. Jumatano iliyopita nilikuwa nimefika kwenye viatu, simu ikaita. Alikuwa Sadia, kutoka Koboko. "Mwalimu," akasema, "Mama ametuacha alfajiri. Tunazika alasiri." Niliwaambia vijana samahani, nikaacha chupa ya maji mezani, nikatoka nje kutafuta gari. Sehemu ya somo ambayo hawakuisikia siku ile naiandika hapa, na kwa kweli ndiyo somo lenyewe.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, mwalimu asiye na shule, kwa sababu shule yetu ilikuwa imefungwa na madawati yake kuchomwa kuni na watu ambao sikuwahi kuwajua. Msituni kulikuwa na waasi, barabarani kulikuwa na askari, na katikati tulikuwa sisi. Barabara ya Koboko ilikuwa na mabomu ya kutegwa ardhini, kwa hiyo mwenye gari alilificha, na asiye na gari hakupungukiwa kitu. Watu walikwenda kwa miguu, njia za mashambani, mmoja nyuma ya mwingine. Ndipo akaja Dokta Nabirye, mhadhiri kutoka Kampala, mwanamke mfupi mwenye sandali za plastiki, akitafuta mtu anayejua Kilugbara, Kikakwa na Kiswahili, na ambaye haogopi kutembea. Nilimwambia naogopa sana. Akasema, "Vizuri, asiyeogopa angetuponza," akaniajiri pale pale.

Tulipanga chumba Ediofe, karibu na kanisa kuu: vitanda viwili, meza yenye mguu mmoja wa matofali, taipureta iliyokosa herufi ya h, ikabidi kila siku tuijazie kwa kalamu. Ukuta ulikuwa mwembamba, na upande wa pili waliishi wafanyabiashara kutoka Kongo, mke na mume, wauza vitenge. Kila asubuhi tuliwasikia wakigombana. "Ile mutu ya jana ilikuwa na bunduki chini ya koti, mimi niliona!" mke akisema. Mume akajibu, "Wewe unaona bunduki mpaka ndani ya supu." Dokta alicheka mpaka akamwaga chai. Lakini baadaye aliniambia kwamba katika miezi miwili ya kuzunguka na karatasi za maswali, hakuna aliyetuambia jambo la maana kama lile lililopita ukutani bila kuulizwa.

Alikuwa amesema kweli. Karatasi za maswali zilitushinda. Ukiingia nyumbani kwa mtu ukakaa, ukafungua daftari, mtu huyo anavaa uso wa kupokea wageni. Vipi usalama? Iko sawa. Vipi watoto? Iko sawa. Vipi chakula? Mungu anasaidia. Mwaka ule kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa nchi yenyewe. (Hata mimi nilisema hivyo hivyo, 'iko' mbele, 'iko' nyuma, Kiswahili hiki ninachoandikia nilikiokota baadaye, nilipofanya kazi Tanzania.) Halafu siku moja, kijijini Omugo, tulikuwa tumeaga nyumba ya mzee mmoja aliyetujibu 'iko sawa' mara kumi na moja. Akainuka kutusindikiza. Hatukuwa tumepita hata choo chake, mzee yule akaanza kusema: nani alichukua mbuzi, nani alilala porini na watoto, nani hakurudi. Alisema mpaka njia panda, bila sisi kufungua mdomo. Dokta Nabirye alinigeukia, macho yamemtoka. "Candiru," akasema, "tumekuwa tukiuliza watu wakiwa wamekaa. Hawa husema wakiwa wanatembea!"

Nilimwona kama mtu aliyegundua kwamba maji yanalowesha. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba ndani ya nyumba kuna adabu na njiani kuna maneno. Njiani hamtazamani, mnatazama mbele. Mikono ina kazi, na hakuna wa tatu anayesikia. Lakini sikuwahi kufikiri kwamba adabu ile ingeweza kuwa kazi ya mshahara. Tukaweka kanuni: tunamtembelea mtu, tunakula anachotupa, hatuulizi kitu, kisha tunaaga na kusindikizwa. Daftari halitoki mfukoni mpaka mwenyeji amerudi. Na kwa kuwa Dokta alikuwa mgeni, nilimfundisha kanuni moja ambayo si ya chuo. Kwetu mwenyeji harudi kwa kujiamulia. Akikuacha njiani kabla hujamruhusu, ni kama amekufukuza. Ni wewe mgeni unayesimama, unamshika mkono na kumwambia: rudi sasa, umefika mbali. Usiposema, ataendelea kutembea, hata kama ameacha chungu jikoni. Nilimwambia Dokta asisahau neno hilo. Mimi, niliyemfundisha!

Ndipo tukagawana sehemu. Yeye alibaki upande wa Arua na Kuluva, mimi nikapelekwa Koboko, nikalala kwa mwalimu mwenzangu pale mjini, na kila siku nikatembea. Huko ndiko nilikompata Mama Zaituni. Alikuwa mjane wa mwanajeshi wa zamani, mtu wa swala tano, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe, aliyekimbilia Kongo na kurudi akajenga tena juu ya msingi ule ule. Nyumba yake ilikuwa na chumba kimoja kikubwa kilichosiribwa udongo mwekundu, mikeka miwili, sanduku la chuma la marehemu, na birika la shaba lililong'arishwa kuliko kitu chochote pale ndani. Aliishi na binti yake Sadia, aliyekuwa na miaka ishirini hivi na mtoto mchanga mgongoni. Wana wawili wa kiume hawakuwapo. Wa kwanza alikuwa Kongo akiuza sabuni. Wa pili, Khemis, hakutajwa. Siku ya kwanza alinipa chai ya tangawizi na ugali wa muhogo kwa kunde zilizopondwa na simsim, yaani ufuta, mboga ile inayokufanya ulambe vidole na kujifanya unavifuta. Siku ya pili vile vile. Siku ya tatu nilipoketi, akaniwekea jembe mapajani.

"Mgeni siku mbili," akasema.

"Mama, mimi ni mwalimu."

"Mwalimu naweza lima. Mukono iko miwili."

Nikalima karanga mpaka saa sita, Sadia akinicheka kila nilipong'oa karanga nikaacha magugu. Toka siku ile nikawa mtu wa nyumba, na kila nilipoaga, Mama Zaituni alinisindikiza mpaka kijitoni. Kijito kile kilikuwa mpaka wake. Wakati ule kila mtu alitembea na barua ya mwenyekiti wa kijiji, inayosema wewe ni nani na unaruhusiwa kufika wapi, na ya Mama Zaituni ilisema: mwisho kijitoni, ilhali yangu ilinifikisha mpaka barabara kuu. Ng'ambo ya maji palikuwa mashamba yaliyoachwa, na askari walimchukulia yeyote waliyemkuta huko bila ruhusa kuwa anapelekea waasi chakula. Barua yake niliisoma mimi mwenyewe, kwa macho yangu, kwa sababu yeye hakujua kusoma na aliniomba nimsomee. Kila mara tulipofika majini nilisema neno, akageuka.

Siku ninayoizungumzia ilikuwa ya jua kali baada ya mvua. Alikata miwa miwili nyuma ya nyumba, akanipa mmoja, tukaenda tukitafuna na kutema makapi kila mtu upande wake. Alikuwa ananisimulia habari ya bata wa jirani. Tulipokaribia kijito akanyamaza. Kisha, bila kunitazama, akasema, "Khemis iko hai."

Miezi mitatu ya kulima karanga, na sasa limetoka. Tukafika majini. Nilijua pale ndipo pa kusimama. Miguu yangu yenyewe ilikuwa imezoea kusimama pale. Nikaingia majini, nikavuka, na sikusema kitu. Naye akavuka. Akaniambia kwamba kijana alichukuliwa na waasi akiwa sokoni, si kwamba alikwenda mwenyewe; kwamba mara moja alikuja ukingoni mwa shamba la mtama, amekonda, akaomba chumvi, naye mama akampa; kwamba tangu hapo anaacha chumvi chini ya jiwe na hajui kama anayeichukua ni Khemis au ni mvua. Alisema bila kulia. Alisema tukipita mashamba yaliyoota majani, tukipita banda la kukaushia tumbaku lisilo na paa, mpaka barabara kuu ikaonekana. Karibu nusu saa. Nami nusu saa hiyo yote nilikuwa na neno kinywani pamoja na muwa, na nilimeza maji ya muwa na kuliacha neno. Tamaa mbele, mauti nyuma: tunawafundisha watoto darasa la tatu. Barabarani, alipomaliza, ndipo nikamshika mkono. "Rudi sasa, Mama, umefika mbali." Akatazama alipotoka, kana kwamba na yeye ndiyo kwanza anaona umbali. "Eh," akasema, "leo nimefika." Akageuka. Mimi nikaketi juu ya jiwe, nikatoa daftari, nikaandika kila kitu, na niseme ukweli, nilikuwa na furaha kubwa.

Asubuhi iliyofuata, nilipokuwa nachemsha chai uani kwa mwalimu mwenzangu, Sadia aliingia na mtoto mgongoni, miguu imejaa tope. "Mama hakurudi," akasema. "Watu wa kule walisema askari walishika yeye, ile upande ingine ya maji." Kisha akaniuliza swali moja, kwa upole, na ule upole ndio uliouma. "Mwalimu, hukusema yeye arudi?"

Nilichukua daftari, nikachana ukurasa wenye Khemis, jiwe na chumvi, nikausukuma motoni chini ya sufuria. Chai ikachemka. Nikamtilia Sadia kikombe, nikavaa viatu, nikaenda kambini.

Luteni aliyekuwa zamu alikuwa kijana wa magharibi ya nchi, mwenye masharubu membamba na kikohozi. Alinisikiliza huku akichonga penseli.

"Unasema huyu mama alikuwa anasindikiza wewe."

"Ndiyo, afande."

"Mpaka barabara kubwa? Kwetu mgeni tunaacha yeye kwa mlango ya ua."

"Kwetu mwenyeji harudi mpaka mgeni aseme rudi."

"Na wewe ulisema?"

"Nilisema."

"Wapi?"

"Barabarani."

Akaweka penseli chini. "Barua yake inasema mwisho kwa kijito. Wewe mwalimu, unajua kusoma. Kwa nini hukusema kwa kijito?"

Nimeulizwa maswali mengi maishani na watu wenye digrii. Hakuna aliyewahi kunishika koo kama yule. Jibu la kweli lilikuwa: kwa sababu alikuwa anasema. Na swali la pili lingekuwa: anasema nini? Nilimtazama nikaona tayari anasubiri nianguke. "Kwa sababu ya tamaa yangu, afande," nikasema. "Nilikuwa nasikia raha kutembea naye. Nilisahau yeye, nikajikumbuka mimi." Haikuwa uongo. Akanyoosha mkono, nikampa daftari. Alilipindua pindua: bata, karanga, bei ya sabuni, mwiba uliomchoma mtoto. Akakohoa. Hakuona kilichokosekana, lakini hakuniamini.

"Mutu hawezi tembea hivyo kwa heshima tu," akasema.

"Basi twende tutembee," nikamwambia. "Nitakuonyesha." Sijui nilipata wapi ujasiri. Nadhani haukuwa ujasiri, ilikuwa ni kwamba mwaka ule sikujua tena njia nyingine ya kumjulisha mtu jambo.

Tukaenda, yeye, askari wawili na mimi, tukaanzia mlangoni kwa Mama Zaituni. Nilimwonyesha mashina ya miwa yaliyokatwa, mawili. Nilimwonyesha njia. Kila hatua chache palikuwa na makapi ya muwa, mengine kushoto, mengine kulia, yamekauka na siafu wameyajaa. Luteni mwanzoni alitembea kichwa juu. Kufikia kijito alikuwa anainama. Ng'ambo ya maji yaliendelea: kushoto, kulia, kushoto, kulia, kupita banda la tumbaku, mpaka lile jiwe langu la barabarani. Pale akageuka na kufuata upande mmoja tu, wa kurudi, makapi ya mtu mmoja, mapya juu ya yale ya zamani, mpaka mahali ambapo nyasi zilikuwa zimelala na kipande cha muwa kimekanyagwa matopeni. Hapo yakaisha.

"Hapa ndipo walishika yeye," askari mmoja akasema taratibu.

"Nyinyi wawili munatafuna kama mbuzi," Luteni akasema. Kisha akasema, si kwangu hasa, kwamba anayepelekea waasi chakula hawezi kuacha alama njia nzima kiasi kile. Tulirudi kambini, na karibu na lango akaniuliza kama wageni wote wa huku husindikizwa hivyo. Nikasema ndiyo. Akasema mama yake alikuwa na shamba la ndizi na hajamwona kwa miaka minne.

Mama Zaituni alitoka alasiri ile. Alikuwa amekosa kanga ya juu na alichechemea mguu wa kushoto. Hakusema walimfanya nini, nami sikuuliza. Ilikuwa siku ya kwanza mwaka ule ambayo sikutega sikio. Tulitembea taratibu, Sadia akimshika upande mmoja, mimi upande mwingine. Mlangoni akaingia, akakaa mkekani, akaagiza nipewe maji. "Ulisema nini kwa wao?" Nikamwambia nilisema habari ya bata. Akaitikia kwa kichwa, na nikaona anaelewa. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilipoaga alikuja mpaka mlangoni, akasimama kwenye kizingiti, mkono kwenye mwimo.

"Njia wewe najua," akasema, yaani njia ninaijua mwenyewe, hanisindikizi.

Nilirudi kila wiki mpaka mwaka ukaisha. Kila mara alinilisha, alinitania, alinipa jembe. Kila mara aliniacha kizingitini na maneno yale yale matatu. Hakuwa amekasirika; afadhali angekasirika. Nililia njiani mara nyingi, na siku hizo ndipo nilipojua njia ile ilivyo ndefu ukiwa peke yako. Dokta Nabirye alipopitia daftari kule Ediofe aliuliza ukurasa wa kumi na nne uko wapi. Nikamwambia nimechemshia chai. Nilipomweleza yote, hakunikemea. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu, upande wa pili wa ukuta Wakongo wakibishana kuhusu samaki. "Tuliwaibia adabu yao," akasema. Katika ripoti aliandika kwamba ukurasa mmoja haupo na kwamba haupaswi kutafutwa. Ripoti ilisifiwa, na nasikia mpaka leo inasomwa. Wanafunzi husoma kuhusu kutembea. Kwenye mstari ule wa ukurasa sidhani husimama.

Jumatano nilifika Koboko barabara ikiwa lami tupu, gari likaruka kwa dakika chache mahali tulipokuwa tukitambaa nusu siku. Nilimwambia dereva anisubiri barabarani, nikaingia kwa miguu. Wanaume walikuwa wameshampeleka kaburini. Nilikaa na wanawake mikekani, tukala wali, birika lile la shaba likapita mkono hata mkono, bado linang'aa. Jua lilipoanza kulegea nikaaga. Nilijiandaa kwa kizingiti. Lakini Sadia, sasa mwanamke mzima mwenye mvi na miwani, akafunga kanga yake kiunoni, akatoka nami.

"Mama aliacha neno," akasema tulipopita shamba la karanga. "Alisema, mwalimu akija, usimwache kwa mlango. Sindikiza yeye mpaka kijitoni tu." Akatabasamu. "Na akasema, akisahau kusema rudi, wewe rudi mwenyewe."

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Nilikuwa mtu wa kuchekesha njiani pale. Tulitembea. Miwa nyuma ya nyumba ilikuwa imekatwa zamani, na njia imepanuka kwa ajili ya pikipiki. Tulipoanza kuteremka kuelekea maji, Sadia akanyamaza, na ule unyamavu niliujua.

"Mwalimu," akasema, akitazama mbele, "hujawahi uliza Khemis alifika wapi."

Karibu miaka thelathini. Kila nilipopita mtu mrefu Arua nimemtazama usoni nikijiuliza. Tulikuwa tumefika kijitoni. Siku hizi kuna daraja dogo la saruji, na mguu wa Sadia ulikuwa tayari umekanyaga. "Ile mwaka ya mwisho," akaanza, "Mama alienda kwa jiwe asubuhi, na pale juu ya chumvi..."

Nikasimama. Nikamshika mkono.

"Rudi sasa, mdogo wangu. Umefika mbali."

"Lakini sijamaliza."

"Najua."

Alinitazama, akaelewa, akacheka kicheko cha mama yake, kile cha kuamrisha ng'ombe. Akaondoa mguu wake darajani, akaniombea safari njema, akageuka. Nilingoja mpaka kanga yake ilipopotea nyuma ya mihogo, ndipo nikavuka.